Shajara ya mradi: kunasa jeni za tRNA za E. coli, na kumjua uliyemnasa

Machi 3

Profesa ametia saini leo, kazi imeanza rasmi. Tunatengeneza plasmidi saidizi, yaani kipande cha DNA cha duara kitakachobeba jeni za tRNA ambazo bakteria E. coli anazo kwa uchache, ili asikwame tunapomtwisha kazi ya kutengeneza protini za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria. Maabara hii imehangaika na protini za malaria tangu kabla sijafika. Jenomu ya kimelea huyo, iliyochapishwa mwaka 2002, ni A na T kwa takriban asilimia 80. Kwa hiyo asidi amino ya isolusini mara nyingi huandikwa ATA, na ile ya arjinini huandikwa AGA. E. coli huzitumia kodoni hizo (maneno ya herufi tatu, kila moja likitaja asidi amino) kwa nadra sana, na tRNA za kuzisoma anazo kiduchu. Ribosomu, mashine ya seli ya kuunda protini, ikikuta ATA mbili zimefuatana na AGA iko jirani, inaganda hapo, na mwishowe unapata protini kisiki au hupati kitu kabisa.

Wazo si letu. Mwaka 2000 Baca na Hol walitoa plasmidi waliyoiita RIG, yenye jeni argU, ileX na glyT, kwa ajili ya tatizo hili hili. Zipo pia aina za E. coli zinazouzwa zikiwa na jeni hizo tayari, Rosetta ikiwa ndiyo maarufu. Lakini ukishalipia barafu kavu, usafiri na ushuru, umemaliza fungu la mwaka, na bado huwezi kuichokonoa ndani utakavyo. Sisi tunataka yetu, ya kuongeza jeni na kupunguza.

Kwa wanaoanza kusoma hapa: tRNA ni RNA fupi, nyingi zina besi 76 hivi, chache hufika 95. Upande mmoja ina herufi tatu, antikodoni, zinazoshika kodoni ya mRNA, nakala ya jeni inayosomwa na ribosomu. Upande wa pili, penye ncha ya CCA, hubebeshwa asidi amino. Crick aliibashiri mwaka 1955 kabla watu hawajaelewa wanatazama nini kwenye chupa zao. Mfuatano wa kwanza, tRNA ya alanini kutoka hamira, ulisomwa na Holley na wenzake mwaka 1965.

Machi 6

Kazi ya kompyuta tu. Nimeshusha jenomu ya MG1655, aina ya K-12 iliyosomwa yote mwaka 1997, besi milioni 4.6, nikaipitisha kwenye tRNAscan-SE. Ukitumia programu hii kumbuka alama ya -B. Usipoiweka, inadhani umeleta jenomu ya yukarioti, viumbe wenye kiini cha seli, na inatafuta kwa vigezo visivyo vya bakteria.

Hesabu iliyozoeleka kwa aina hii ni jeni 86 za tRNA, na orodha yangu haikwenda mbali na hapo. Nimepitia mwisho wa kila jeni kwa macho. E. coli ana tabia nzuri: CCA imeandikwa kwenye DNA ya jeni zake zote. Bacillus subtilis hayuko hivyo, baadhi ya jeni zake hazina CCA, na kimeng'enya maalumu huiongeza baadaye. Mtu akichukua vigezo vya bakteria mmoja akavipeleka kwa mwingine bila kuuliza, atazitupa jeni nzima nzima akidhani ni mabaki.

Machi 11

Leo ndipo mradi ulipoanza kunivutia kweli.

Ninayemtafuta ni ileX, msomaji wa ATA. Kwa akili ya kawaida, antikodoni ya kusoma ATA ingekuwa TAT. Nimepekua orodha yote, TAT hakuna. Badala yake kuna jeni nane zenye antikodoni CAT, ambayo kwa kanuni husoma ATG, kodoni ya methionini. Toleo la zamani la programu lingeziandika zote nane "Met" na kuendelea na safari.

Ukweli ni kwamba hizo nane ni makundi matatu tofauti. metZ, metW, metV na metY hutoa tRNA ya kuanzishia protini. metT na metU ni methionini ya kawaida, ile inayoingia katikati ya mnyororo. ileX na ileY ndizo za isolusini. Ni kama ndugu watatu wanaotumia kitambulisho kimoja chenye picha ya mmoja wao.

Kinachowatofautisha kimejificha kwenye mwili. tRNA ya kuanzishia ina C kwenye nafasi ya 1 na A kwenye nafasi ya 72, mahali ambapo wengine wote wana herufi zinazoshikana. Halafu kwenye shina la antikodoni ina jozi tatu za G na C zilizopangana. Ukiziona alama hizo mbili huna haja ya kuuliza zaidi. Ya isolusini ina siri kubwa zaidi: jeni inaandika C, lakini molekuli ikishatengenezwa, kimeng'enya kiitwacho TilS kinaibandika C hiyo asidi amino ya lisini, nayo inageuka kuwa besi inayoitwa lisidini. Lisidini haishiki G tena, inashika A. Hapo ndipo CAU inapopata uwezo wa kusoma AUA (ndizo CAT na ATA zile zile, ila kwenye RNA T huandikwa U). TilS yenyewe ilitambuliwa mwaka 2003 tu.

Lililonikalisha ofisini hadi mlinzi akaja kugonga ni jaribio la Muramatsu na wenzake la mwaka 1988. Waliitengeneza tRNA hii ya isolusini ikiwa na C tupu badala ya lisidini. Ikaacha kupokea isolusini, ikapokea methionini, na ikasoma AUG. Badiliko la besi moja limehamisha vyote viwili, mzigo na kodoni. Kwetu hii ni habari njema kwa njia isiyotarajiwa. Niliogopa kwamba tukirundika nakala za ileX, TilS itazidiwa, na zile ambazo hazijabandikwa zitaharibu protini. Kumbe isiyobandikwa inabeba methionini na kuipeleka kwenye AUG, mahali pake halali. Hasara ni kupungukiwa wasomaji wa AUA, si kupata protini yenye makosa.

Uamuzi wa leo basi: hatutaiita jeni yoyote "ya isolusini" kwa sababu kompyuta imesema. Itaitwa hivyo ikishafanya kazi ya isolusini ndani ya bakteria, na pembeni yake tutaweka metT, yenye antikodoni ile ile, iwe shahidi. Kama metT nayo itaokoa protini ya malaria, basi tumejidanganya mahali.

Machi 19

Mchoro wa plasmidi umekamilika. Msingi ni pACYC184. Nimeipendea mambo mawili. Asili yake ya kujinakili ni p15A, kwa hiyo inakaa seli moja na plasmidi za ukoo wa pUC na pET bila kugombana. Pili, jeni yake ya kustahimili tetrasaiklini ina milango ya HindIII, BamHI na SalI, yaani mahali vimeng'enya hivyo hukata DNA. Ukipachika kitu pale, ustahimilivu wa tetrasaiklini unakufa huku ule wa kloramfenikoli ukibaki. Unachukua kijiti cha meno, unachoma koloni, unaigusisha sahani moja kisha nyingine. Iliyoota kwenye kloramfenikoli na kugoma kwenye tetrasaiklini ndiyo unayoitaka. Ni mbinu ya kizee, bado haijapatiwa mshindani kwa maabara isiyo na fedha.

argU itaingia HindIII hadi BamHI, ileX itaingia BamHI hadi SalI.

argU ina historia ya kuchekesha. Zamani iliitwa dnaY, ikahesabiwa miongoni mwa jeni za kunakili DNA, kwa sababu bakteria wenye kasoro hapo walishindwa kunakili DNA yao. Mwaka 1986 ikabainika kuwa haihusiki na kunakili moja kwa moja: ni tRNA ya arjinini, inayosoma AGA na AGG. Jambo la kuangalia kwa vitendo ni kwamba kwenye K-12 kuna mabaki ya faji (virusi vya bakteria), DLP12, yaliyojichomeka papo hapo kwenye argU. Faji hupenda sana kuingilia kwenye jeni za tRNA. Kwa hiyo praima (kipande kifupi cha kuanzishia PCR, mbinu ya kurudufisha DNA) ya upande wa chini imekaa kwenye DNA ya faji, na haitashika ukimletea bakteria asiye na mgeni huyo. Tutatumia DNA ya MG1655 na si nyingine.

metT nimeamua tusiinase kwa PCR. Iko kwenye operoni, kundi la jeni zinazonakiliwa pamoja, yenye tRNA saba zilizopangana, metU ikiwa humo humo, na praima zingeshika ndugu wote wawili. Tutaiunda kwa oligo, vipande vifupi vya DNA vya kuagiza, tuiwekee promota ya lpp (alama ya kuanzia kunakili) mbele na temineta ya rrnC (alama ya kuishia) nyuma.

Machi 27

Oligo zimefika nchini, hazijafika maabara. Fomu moja inahitaji barua, barua inahitaji muhuri, mwenye muhuri yuko semina. Bahati nzuri oligo husafiri zikiwa kavu, joto haliziui. Vimeng'enya vingekuwa vimeshakufa.

Aprili 8

Zimetoka. Kabla ya kugusa jeni za malaria tunaijaribu plasmidi yenyewe kwa tRNA inayoonekana kwa macho: supF.

supF ni tRNA ya tirosini iliyobadilika herufi moja. Ya kawaida ina antikodoni GTA. Ikiwa CTA, inasoma UAG, kodoni ya kukomesha, na kutia tirosini pale ambapo protini ingekatika. Badiliko hilo lilithibitishwa mwaka 1968 na Goodman, Abelson, Landy, Brenner na Smith, kwa kutumia faji φ80 aliyebeba jeni hiyo. Mwaka 1976 kundi la Khorana likatangaza kwamba jeni nzima, pamoja na promota yake, imeundwa kwa kemia, jozi 207 za besi, na inafanya kazi ndani ya bakteria. Ilikuwa kazi ya miaka na ya watu wengi. Mimi nimeagiza oligo ndefu mbili zinazopishana katikati, nikazishikanisha, polimerasi, kimeng'enya cha kunakili DNA, ikajaza pengo. Sijui kama nijivune au nione haya.

Jeni yenyewe ina besi 85. Ni ndefu kuliko nyingi kwa sababu tRNA ya tirosini ya bakteria ina mkono wa ziada mrefu. Jirani ya antikodoni inasomeka hivi:

ya kawaida: GCAGACTGTAAATCTGC
supF: GCAGACTCTAAATCTGC

Tazama herufi tano, GACTG, zimekuwa GACTC. Kimeng'enya HinfI hukata penye GANTC, N ikiwa herufi yoyote. Kumbe badiliko linalomgeuza msomaji wa tirosini kuwa mkaidi wa UAG linafungua pia mlango wa HinfI! Mlango mwingine uko mbele kidogo kwenye GAATC, na huo jeni zote mbili zinao. Kwa hiyo jeni ya kawaida hukatwa mara moja, supF mara mbili, na kutoka katikati yake kinapatikana kipande cha besi 35. Tuna njia ya kumtambua bila kutuma sampuli nje na kusubiri.

Aprili 10

Kipande cha 35 hakionekani vizuri kwenye agarosi ya kawaida. Nimemimina akrilamaidi ya asilimia 12. Kwenye jeli hiyo rangi ya bluu ya bromofenoli hutembea na vipande vya 20 hivi, na ile zailini sianoli na vya 70 hivi. Ukiona mstari katikati ya rangi hizo mbili, ndio huo. Umeme ulikatika jeli ikiwa njiani. Mjomba, mtaalamu wetu wa maabara ambaye sote tunamwita hivyo hata Profesa, akaiwasha jenereta kabla sijamaliza kulalamika.

Mstari upo. Mwembamba, umefifia kidogo pembeni, lakini upo kwenye supF na haupo kwenye jeni ya kawaida.

Aprili 15

Nilikuwa natoa DH5α, aina mojawapo ya E. coli, kwenye friza ili tufanye jaribio la rangi. Mjomba akanitazama mkono.

"Mwanangu, huyo unampeleka wapi?"

"Kwenye jaribio la UAG, Mjomba."

"Huyo anasoma UAG tangu azaliwe. Utapata bluu hata ukimtilia maji."

Ndivyo ilivyo. DH5α ana supE kwenye jenomu yake, tRNA ya glutamini iliyobadilika, nayo hupita UAG kwa kutia glutamini. Tumechukua TOP10, E. coli asiye na tRNA kandamizi yoyote, yaani tRNA ya kupita kodoni ya kukomesha. Ndani yake tunaweka plasmidi mbili: moja ya ukoo wa pUC yenye lacZ-alfa iliyowekewa TAG katikati, na nyingine ni yetu. Kama tRNA inafanya kazi, lacZ-alfa, kipande cha kimeng'enya, inakamilika na X-gal, kemikali iliyo kwenye sahani, inageuka bluu. Kama haifanyi, koloni inabaki nyeupe.

Na hapa pana fundisho la pembeni kwa atakayerudia kazi hii: supE ya DH5α iko kwenye glnV, na glnV iko operoni moja na metT. Mtu akiinasa operoni ile kutoka DH5α, ataondoka na tRNA kandamizi bila kujua.

Aprili 17

Sahani ya supF: bluu, kila koloni. Sahani ya tRNA ya tirosini ya kawaida: nyeupe. Plasmidi tupu: nyeupe. Koloni za bluu ni ndogo kuliko nyeupe, na hilo nalitarajia. Seli inayopita UAG inapita pia za jeni zake yenyewe, lazima ilipe.

Promota inafanya kazi, temineta inafanya kazi, na seli inazikata ncha za RNA inavyopaswa, RNesi P ikishughulikia mwanzo. Tunahamia kwenye jeni zenyewe.

Mei 6

argU imekuja kwa PCR bila matata. ileX imesumbua: mistari miwili kwenye jeli, mmoja wa urefu sahihi na mwingine mfupi. Mashina ya tRNA hujikunja yenyewe kwa yenyewe na polimerasi huruka. Tumepandisha joto la kushikanisha praima na kuongeza DMSO kidogo, mstari mfupi ukatoweka. Zimeunganishwa, zimeingizwa, vijiti vya meno vimefanya kazi yake. Sampuli zimeenda kusomwa.

Mei 20

Mifuatano imerudi. argU ni argU. ileX ina CAT yake, na nilianza kwa kutazama nafasi ya 1 na ya 72: zinashikana, kwa hiyo si ya kuanzishia. Kati ya isolusini na methionini ya kawaida, mwili unalingana na ileX ya MG1655 herufi kwa herufi. Kwenye karatasi kesi imekwisha. Kwenye daftari langu haijaisha, metT bado inasubiri zamu.

Mei 29

Jaribio lenyewe. BL21(DE3), E. coli wa kutengenezea protini, plasmidi ya pET yenye kipande cha protini ya falciparum, na kando yake plasmidi saidizi za namna mbalimbali. IPTG ya kuwasha jeni, saa tatu kwenye inkubeta, kisha jeli ya SDS na rangi ya Coomassie.

Njia ya plasmidi tupu kwenye jeli: mstari wa protini yetu ni kivuli tu, na chini yake kuna ukungu wa vipande vifupi. Njia ya metT: kivuli kile kile, ukungu ule ule, ukizifunika namba huwezi kuzitofautisha. ileX peke yake: mstari umekolea na ukungu umepungua, haujaisha. argU peke yake: karibu hivyo hivyo. argU na ileX pamoja: mstari mnene unaoonekana hata kabla ya kuosha rangi yote.

Kilichonifurahisha zaidi ni njia ya metT. Ina antikodoni ile ile CAT, promota yenye nguvu, iko kwenye plasmidi ile ile, na haikusaidia hata kidogo. Sasa naandika kwenye daftari bila kusita kwamba tuliyemnasa ni msomaji wa AUA.

Profesa ameuliza swali la haki: tunajuaje kwamba metT inatengenezwa? Pengine imelala tu. Lazima tuoneshe RNA yake kwa kuihamishia kwenye utando na kuigusisha kipimo kinachoshika metT lakini hakishiki ileX. Shina la antikodoni la hizi mbili linatofautiana vya kutosha. Nimeagiza.

Juni 12

Picha ya utando imetoka: metT ipo, na imejaa kuliko kwenye seli zenye plasmidi tupu. Swali la Profesa limejibiwa.

Habari isiyopendeza ni kwamba sehemu kubwa ya protini ya malaria iko kwenye mashapo. Tukiivunja seli na kuizungusha kwenye sentrifuji, mstari mnene unabaki chini pamoja na takataka. Hilo tRNA haiwezi kulitibu. Ribosomu imemaliza kazi yake, protini imeshindwa kujikunja. Tumejaribu kuiotesha kwenye nyuzi 18 usiku kucha na kupunguza IPTG, sehemu iliyo kwenye maji ikaongezeka kidogo.

Juni 16

Inabaki glyT, ya kusoma GGA, kodoni ya glisini. Kwenye jenomu imebanwa katikati ya operoni, thrU na tyrU zikitangulia, thrT ikifuata, na mwisho kabisa tufB, jeni ya EF-Tu, ile protini inayozipeleka tRNA zilizobeba mzigo hadi kwenye ribosomu. glyT haina promota yake hapo, kwa hiyo tutaiunda kwa oligo kama metT, na lpp mbele. Mchoro uko mezani kwa Profesa, barua ya forodha nimeiandika mapema safari hii, na mwenye muhuri nimeshahakikisha yupo ofisini wiki yote.